Njugu Mawe Hazipandwi na Mwenye Mama

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa kuomba moto kwa jirani, nilijua mambo mawili kuhusu njugu mawe: kwamba ni tamu zikichemshwa mbichi na maganda yake, na kwamba nikizipanda mama yangu atakufa. La kwanza nilijionea mwenyewe. La pili nililisikia kwa bibi, mama yake baba, nalo lilinisumbua sana kwa sababu nilitaka kujua linafanyikaje.

"Bibi," nilimuuliza, "njugu inajuaje kwamba mama yangu yuko hai?"

"Na wewe unajuaje kwamba kesho kutakucha? Menya mihogo."

Siku moja alipokuwa ametulia alinieleza. Njugu mawe ikishatoa ua, inalisukuma ua lile chini, inajizika yenyewe. Mtoto anayeipanda wakati mama yake anapumua anauonyesha udongo njia ya kwenda kwa mama yake, na udongo ukishaijua njia hausahau. Karanga nazo zinazaa chini ya udongo na hakuna aliyeziogopa. Nimewauliza wazee wengi sababu, mpaka leo sijapata jibu.

Kwa hiyo kwetu, katika miji yetu ya kifamilia iliyotawanyika kati ya Bunda na Butiama, njugu mawe zilipandwa na yatima, na wazee ambao mama zao walikwisha kuzikwa. Hodari wao alikuwa Nyamisi, mwanamke wa makamo aliyefiwa na wazazi wote akiwa mdogo. Miezi mingine watu walimpita njiani bila salamu ndefu. Mwezi wa njugu alitafutwa nyumba kwa nyumba, akachinjiwa kuku, na wakati wa mavuno alikuwa na kikapu chake cha malipo katika kila nyumba. Sisi watoto tulisimama pembeni ya shamba, naye alitutania:

"Ninyi wenye mama kaeni kivulini. Hii kazi ni ya sisi tuliomaliza kulia."

Niliona ni mtu mwenye bahati. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu.

Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Nyumba zilipangwa mistari, na shamba la kijiji lilikuwa moja, kubwa, ukisimama huku humtambui mtu aliye kule. Na mvua zikagoma. Mtama ulikauka ukiwa unafika magotini. Tulikula unga wa mahindi ya njano tuliouita yanga, ulionuka gunia, na hata huo ulikuwa haufiki kila mara. Baba alikwenda Musoma kutafuta kibarua. Nyumbani tulibaki bibi, mama, mimi, na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, ingawa kusema kweli hakukuwa na cha kunyonya. Alikuwa halii tena. Alikuwa anatutazama tu.

Ndipo bwana shamba, kijana aliyetoka mkoa mwingine, akatuletea magunia ya mbegu za njugu mawe. "Hii haijali jua," alisema. "Tunangoja mvua moja tu ya kupandia." Mvua ile ikaja, ikanyesha usiku kucha. Asubuhi filimbi ilipigwa, kijiji kizima tukaenda shambani. Vijana walichimba mashimo kwa bidii. Mashimo yalipokuwa tayari, wakasimama.

"Pandeni!" alisema bwana shamba.

"Wapandaji ndio hao," mzee mmoja alimjibu, akimwonyesha kwa kidevu Nyamisi na vikongwe wachache, bibi yangu akiwemo, walioinama wakidondosha mbegu.

"Na hawa wote waliosimama?"

"Hawa wana mama."

Bwana shamba alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoelezwa, alianza kutuhubiria habari za imani potofu na maendeleo. Watu walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyegusa gunia.

Jua likapanda. Wale wazee walikuwa wamemaliza kona moja tu, na udongo ulishaanza kubadilika rangi. Kila aliyewahi kushika jembe alijua kwamba ikifika jioni, mbegu zitalala kwenye vumbi na panya watazifukua.

Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni. Akanishika mkono akanitoa katikati ya watu.

"Mama yangu mimi yuko hai, kule Majita," alisema kwa sauti, wote wasikie. "Siwezi kumpandia. Uhai wake si wangu wa kutoa. Lakini huyu akipanda, wa kufa ni mimi. Na mimi nimekubali."

Bibi alinyooka taratibu, mkono kiunoni. "Mke wa mwanangu, umeona wapi kondoo anampelekea mchinjaji kisu?"

"Mama, huyu mgongoni ananyonya hewa. Yeye akifa mimi nikabaki, nitakuwa nimebaki kwa kazi gani?"

Bibi aliniangalia mimi, si yeye, kisha akainama tena kwenye mstari wake.

"Nenda," mama aliniambia. "Mbili mbili kila shimo."

Nilikwenda. Sikuwa na woga kama ulionipasa; nasema kweli, nilikuwa nimejaa hamu ya kuona. Nilidondosha mbegu za kwanza, nikageuka haraka kumtazama. Mama alikuwa amekaa juu ya kichuguu pembeni ya shamba, mtoto mapajani.

"Bado nipo!" alipaza sauti. "Panda!"

Shimo la pili nikageuka tena.

"Bado nipo! Unanikodolea macho, mimi bibi harusi?"

Watu wakacheka kicheko cha wasiwasi. Halafu mama mmoja, jirani yetu, akamsukuma mwanawe shambani, naye mwenyewe akaenda kukaa karibu na mama. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka ukingo wa shamba ukajaa akina mama waliokaa chini, kila mmoja akimwita wake. "Wee Magesa, nipo! Ila ukizidi kupanda ovyo hivyo nitakufa kwa aibu!" Bwana shamba alivua kofia yake akabaki ameishika. Sidhani kama alielewa anatazama nini.

Nyamisi alinifikia katikati ya mstari. "Leo mmeninyang'anya kazi," alisema. Sikujua kama anatania. Kisha akaanza kufukia kwa mguu mashimo niliyoyaacha wazi. "Acha hapa nifukie mimi. Labda udongo utachanganyikiwa."

Jua lilipoanza kuinama shamba lilikuwa limekwisha.

Njugu ziliota, zikazaa kiasi cha kutuvusha. Mdogo wangu alirudiwa na sauti yake, na leo ana wajukuu. Katika akina mama waliokaa pale hakuna aliyekufa kabla ya mavuno. Mwaka uliofuata hakuna aliyemchinjia Nyamisi kuku, na baadaye nilisikia amehamia kwa jamaa zake kule Manyamanyama.

Mimi ni mtu wa kanisa tangu ujana, na kwa miaka mingi nilikitoa kisa hiki kama ushuhuda: jinsi mama yangu alivyoushinda ushirikina kwa kuwa hakuuamini. Watu walikuwa wanapiga makofi. Jumapili moja mama mwenyewe, mzee tayari, alikuwepo akisikiliza. Tulipofika nyumbani, kabla hata hajavua viatu, aliniuliza:

"Nani alikuambia nilikuwaga siamini?"

"Lakini mama, ulikuwa unacheka pale."

"Nilikuwa nacheka ili mkono wako usitetemeke. Ungemwaga mbegu." Aliinama akavua viatu. "Jioni ile ile nilimwambia shangazi yako awachukue nikiondoka. Toka siku hiyo mpaka tunavuna, kila nikiamka nilikuwa nashangaa."

Imani yangu inaniambia udongo haujui nani ana mama na nani hana, na ndivyo ninavyosadiki. Yeye alisadiki vingine, na hata hivyo alikaa juu ya kile kichuguu hadi kazi ilipoisha. Sijawahi tena kukisimulia kisa kile vile nilivyokuwa nikikisimulia.

Nakumbuka chungu cha kwanza cha zile njugu. Mama alikuwa anatumenyea, mimi na mdogo wangu, huku akitutazama tunavyotafuna, na sasa najua alikuwa anatutazama kama mtu anayeaga. Mimi nilimaliza zangu, nikamwomba aniongezee. Akaniongezea zake.