Sharti la Bwana Kombo

Katika mtaa mmoja wa Pangani, ambako nyumba za zamani bado zina baraza za mawe, anaishi mwanamke aitwaye Huwaida binti Himyar. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya minazi ng'ambo ya mto, na zamani hizo mlango wao haukufungwa mchana kutwa kwa wingi wa wageni. Leo nduguze wako Maskati, mashamba yana wenyewe wengine, na bibi huyu amebaki na vyumba vyake na sauti ya redio.

Bi Huwaida ni msaidizi wa kisheria. Si wakili, wala hajapata kujiita hivyo. Alipewa mafunzo Tanga mjini, katika ofisi moja ya Raskazone, miaka michache baada ya yeye mwenyewe kupewa talaka na kutoka kwa mumewe na kikapu cha nguo, pasipo mtu wa kumwambia kwamba angeweza kudai zaidi. Kazi yake ni kumwelekeza mtu asiyeweza kuweka wakili: aanzie wapi, aseme nini, anyamaze lini. Mbele ya hakimu haruhusiwi kumsemea mtu. Huketi nyuma, mikono mapajani, akiyasikiliza maneno aliyoyafundisha yakitoka kinywani mwa mwingine.

Lakini liko jambo ambalo hakufundishwa Raskazone. Wanawake aliowasaidia hawarudi. Si kwamba hawana shukrani, la. Binti wa pwani hulelewa kuisitiri nyumba yake, naye Bi Huwaida ndiye aliyeyasikia yote yaliyopaswa kubaki chumbani. Wakikutana naye sokoni huinamia samaki kana kwamba hawajapata kuona samaki. Kadi za arusi hupita mlangoni kwake zikienda kwa jirani. Wanaume humwita mvunja nyumba, naye huitikia salamu zao kwa adabu.

Aliyebaki alikuwa Nasra, jirani wa ukuta mmoja. Kila alasiri Nasra alikuja na ukili wake wa kusuka mikeka, wakaketi uani wakizungumza mambo yasiyo na uzito wowote: kuku wa fulani, chumvi iliyozidi katika mchuzi wa jana. Saa ile ndiyo iliyokuwa siku nzima ya Bi Huwaida.

Alasiri moja Nasra akaja mikono mitupu.

"Shoga, Kombo anauza nyumba."

Kombo, mumewe, alikuwa mchuuzi wa machungwa. Alikuwa ameoa mke wa pili huko Muheza, na sasa alitaka kuhamia huko moja kwa moja. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kupima vyumba, Nasra akiwa jikoni anapika.

"Kanipita kama pipa la maji," alisema Nasra. "Hata hodi hakupiga."

Bi Huwaida alijua kwamba nyumba ya wanandoa haiuzwi pasipo ridhaa ya mke. Alijua pia yanayofuata baada ya msaada wake.

"Nikikusaidia utanikimbia," akasema.

"Nikukimbie kwa lipi? Labda kwa hiyo kahawa yako, siku hizi imekuwa maji matupu."

Wakacheka. Kisha Nasra akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wake ulivyozidi kuinama. Bi Huwaida aliuliza yaliyopasa kuulizwa, moja baada ya jingine, huku akiona kila jibu likimsogeza mwenzake mbali kidogo.

Shauri lilisikilizwa katika ofisi ya kata, mbele ya Mzee Manase, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi la ndoa. Nasra alisimama, akasema bila kutetemeka.

"Nyumba ile nimeikandika kwa mikono hii. Siridhii iuzwe. Na nataka matunzo yangu, kama anavyoyapata mwenzangu wa Muheza."

Kombo alimgeukia Bi Huwaida aliyeketi nyuma. "Haya si maneno ya Nasra. Nasra namjua, hata kuku hamfukuzi. Ni ya huyu hakimu wa jikoni, aliyeshindwa kukaa na mume."

"Bwana Kombo," alisema Mzee Manase taratibu, "tujibu habari ya nyumba."

Kombo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameaibika. Alivua kofia, akajifuta uso, akasema hatauza, ataleta posho, na zamu ya kulala kwa Nasra ataitimiza.

"Lakini nami nina sharti. Nasra asikanyage tena kwa huyu mama, wala huyu mama asikanyage kwangu. Mkikataa, naondoka. Mniite mahakamani."

Sharti kama lile halikuwa na nguvu yoyote ya sheria, na Bi Huwaida alilijua hilo kuliko wote. Neno moja sikioni mwa Nasra lingetosha kumfanya akatae. Kisha Kombo angetoka, shauri lingekwenda mahakamani, miezi ingepita, na jiko la Nasra lingekuwa baridi.

Nasra aligeuka, akamtazama, akingoja aambiwe.

Bi Huwaida akaitikia kwa kichwa.

"Nimekubali," alisema Nasra, kwa sauti iliyosikika kwa shida.

Mzee Manase alivua miwani. "Nawe mama, huna la kusema?"

"Mimi simo katika shauri hili, mzee."

Aliwaacha watangulie. Alipotoka, aliwaona mbele yake katika njia ya nyumbani, Kombo akienda kwa haraka na Nasra nyuma yake akitembea polepole mno, kama mtu anayetaka kufikiwa. Bi Huwaida alisimama kidogo. Kisha akashika njia ya kivukoni, ambayo ni ndefu zaidi, ili Nasra asilazimike kugeuza uso.