Zulia la Kesi

Zulia nililomnunulia bibi lilianza kubanduka upande wa chini kabla ya miezi miwili kuisha. Bibi hapendi viti. Alikuwa akikaa juu ya zulia hilo sebuleni kwetu Bwera, miguu ameinyoosha, akisalimiana na kila aliyepita mlangoni.

Risiti ilisema garantii ni ya mwaka mmoja. Mtu mwingine angelirudisha dukani Kasese siku hiyo hiyo. Mimi mjukuu wake, na digrii yangu, niliwaza kwamba mwenye duka atasema tumelimwagia maji. Basi nikalikunja, nikalifunga kamba, nikakataza lisiguswe.

"Ni ushahidi," nilimwambia bibi. Akahamia jikoni.

Nilipiga picha, nikaandika barua ya malalamiko, nikaichana, nikaandika nyingine. Miezi mitatu ikapita. Siku nilipofika dukani nimekariri hoja zangu zote, mzee mwenye duka alifunua pembe moja tu, na unga wa gundi kavu ukamwagika miguuni pake.

"Aa, hii imekufa. Chukua ingine. Sasa wewe ulikuwa nangoja nini, kijana?"

Barua ilibaki mfukoni.

Jioni nilitandika zulia jipya, nikamwita bibi. Alichungulia kutoka jikoni.

"Hilo la kesi? Nikilichafua si utashindwa?"

Nilimwambia kesi imeisha. Alicheka, akaendelea kumenya ndizi. Namwita kila siku, lakini amezoea kule kwenye moshi, ambako hakuna apitaye wa kumsalimia.