Safari ya Mjomba Shija Kwenda Kampala

Juzi nilikuwa natafuta sweta la mtoto kwenye mitumba, pale sokoni Mpanda, mkono wangu ukagusa koti zito la sufu lililokuwa limenyeshewa tangu asubuhi. Nilipoliinua likatoa harufu. Kama hamjawahi kukaa karibu na sufu iliyolowa, mshukuruni Mungu: ni harufu ya beberu, moshi na kitu kilichosahaulika chini ya kitanda. Muuzaji akadhani nimelipenda, akaanza kulisifu. "Hilo la kijenerali, mama. Halivaliwi na kila mtu." Nilicheka mpaka akanuna. Nilimfahamu mtu aliyevaa koti kama lile utoto wangu wote, kwenye jua na kwenye mvua, na sidhani kama aliwahi kumwona jenerali hata kwa mbali.

Tulimwita Afande Mstari wa Mbele. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila halikuwa na kazi. Tulikuwa tunakaa Kibaoni, enzi hizo bonde lote la Mpimbwe bado linahesabiwa mkoa wa Rukwa, na yeye alikuwa ametokea Mpanda mjini akajenga nyumba ya vyumba viwili karibu na mnada. Ukimwuliza jeshi la nchi hii lilianzaje, lilianza na yeye. Popote palipokuwa na risasi yeye alikuwepo, tena mstari wa mbele, na kila aliyekuwa nyuma yake kwa bahati mbaya alikuwa ameshakufa. Koti lake lilikuwa la walinzi wa reli, lenye vifungo vya shaba alivyovisugua kwa majivu. Kifuani alining'iniza medali. Siku moja upepo uliigeuza, nikaona upande wa pili: mtoto mwenye bukta anakimbia. Ilikuwa zawadi ya mashindano ya mbio ya shule za msingi. Nilikuwa na miaka kama minane, na tangu siku ile sikumheshimu tena, ingawa nilikuwa nampigia goti kama watoto wote.

Ningemwacha na koti lake kama asingekuwa anakula kuku wetu.

Mama yangu alikuwa na kaka mmoja tu, Shija. Mama alipoolewa na kuja huku bondeni na baba na ng'ombe zake, Shija alibaki Shinyanga kwa babu. Vita vya Kagera vilipoanza akaenda, kama walivyokwenda vijana wengi, wengine wakiwa mgambo waliokuwa hawajawahi kuvaa buti. Baadaye askari wawili walifika kwa babu, wakavua kofia, wakasema kijana amefia vitani. Basi. Habari ilimfikia mama akiwa ameinama kwenye majaruba ya mpunga, imeshapita midomo ya watu wengi, na njiani kila mtu alikuwa ameidondosha sehemu. Alikufa wapi, mwanzoni au mwishoni, aliteseka au hakuteseka, hakuna aliyejua. Babu akafariki, na wa kumwuliza akaisha. Mama hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya hicho: kujua kaka yake alifika wapi.

Kosa lake ni kwamba alilisema hilo kwenye msiba mmoja wa pale kijijini, mbele za watu, na Afande alikuwepo, maana misiba yenye wali hakuikosa. Kesho yake jua likiwa linazama akatokea uani kwetu, vifungo vinang'aa.

"Mama Kabula," alisema, "huyo Shija unayemsema, ni yule wa Shinyanga?"

Mama akasema ndiye.

Afande akakaa bila kukaribishwa. Akavua kofia. "Alifia mikononi mwangu."

Mama alichinja jogoo. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hata mtoto mchanga anajua hivyo, lakini jioni ile mama aliitoa kwenye chungu akaiweka kwenye sahani ya yule mzee, na baba akaiangalia inavyokwenda. Toka siku hiyo, kila Afande alipokuja, baba alikuwa anakumbuka kwamba zizi lina tatizo, anakwenda kuliangalia mpaka mgeni aondoke.

Mwaka huo, kwa maneno ya Afande, mjomba alikufa Kyaka, kando ya mto, daraja likiwa limeshalipuliwa na vita havijashika moto. Mama alilia, akashukuru, akamfungia Afande na mchele. Ingekuwa mimi ningeishia hapo. Lakini baada ya mavuno yaliyofuata Afande alirudi, kuku akachinjwa, na mama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Ina maana hakuvuka mto kabisa?" Mzee akatafuna, akafikiri. Akaona. Hapo ndipo nilipomwona binadamu akigundua shamba lisilohitaji jembe.

"Alivuka," alisema. "Mwaka jana nilikuficha, ulikuwa na uchungu sana. Alivuka, tukaingia naye Mutukula."

Kwa hiyo mjomba akafa Mutukula. Mavuno mengine yakaja, ikaonekana Mutukula alijikwaa tu, wakaendelea naye mpaka Masaka. Nilipofika darasa la tano, mwalimu akatundika ramani ya Afrika Mashariki, niliweka kidole nikamfuata marehemu mjomba wangu anavyotembea. Majeshi mengine yanakwenda kwa mafuta na amri. Hili la kwetu lilikwenda kwa kuku, na kwa kuku mmoja lilisogea vizuri tu, kisha linapiga kambi mwaka mzima kusubiri mwingine.

Sasa niwaambie nilivyojua kwa hakika kwamba Afande hata Kyaka hajawahi kuiona.

Shule yetu ilikuwa na desturi ya kumwalika kila mwaka atusimulie historia ya jeshi. Darasani mwalimu alikuwa ametufundisha vizuri: kwamba mwaka sitini na nne, nchi ikiwa bado changa, wanajeshi wa jeshi la zamani la kikoloni waligoma, wakakataa amri za wakubwa wao, kwamba jeshi lile lilivunjwa na likaanzishwa jipya, la wananchi. Ubaoni aliandika kwa chaki nyekundu: MAASI YA WANAJESHI. Kuasi, maasi. Tuliliimba neno hilo mpaka likatuchosha.

Siku ya Afande tulipangwa mstarini uwanjani. Wazazi walikuja, na wazee wa kwetu wenye ng'ombe wakakaa mbele. Mzee akapiga saluti kwa bendera, kwa mkono wa kushoto, akaanza.

"Nyie watoto mnasoma Vita vya Maasi kwenye madaftari. Mimi nilipigana! Wamasai waliingia Dar es Salaam alfajiri, na mikuki, na ng'ombe zao. Nani aliwazuia? Mstari wa mbele!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea kuwafukuza Wamasai mtaa kwa mtaa, shuka nyekundu zinapepea, mpaka akawatupa baharini. Wazee wa kwetu, ambao wana yao ya zamani na Wamasai kuhusu ng'ombe, walisimama kupiga makofi. Nikamwangalia mwalimu. Alikuwa anapiga makofi na yeye, yule yule wa chaki nyekundu, macho ameyatupa juani ili yasikutane na yetu. Sijui nani alinichefua zaidi siku ile, aliyesema asilolijua au aliyelijua akapiga makofi. Kisha Afande akavuka Ruvuma kwenda kuwasaidia wapigania uhuru wa kusini, mguu mkavu, akamalizia Kampala, ambako alimkosa nduli kwa dakika chache tu. Chai yake ilikuwa bado inatoa moshi mezani, akainywa.

Jioni alikuja kwetu kuchukua haki yake ya mavuno. Nilimsubiri amalize firigisi.

"Shikamoo Afande. Afande, maasi ni nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "Ni Wamasai. Kijeshi tunawaita maasi."

Baba, akiwa kule kwenye zizi lisilo na tatizo, alikohoa kikohozi kirefu. Mama akanifinya. "Kabula, kalete maji Afande anawe." Nilipokwenda mtungini nikamsikia anamwuliza, kama sikuwahi kusema chochote, "Mwaka jana mliishia Masaka. Ilikuwa kweli ndiyo mwisho wake?"

"Masaka ilimpiga begani," alisema Afande. "Begani mtu hafi, Mama Kabula. Tulimfunga kitambaa, tukaondoka naye kuelekea Entebbe."

Mama alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nilikasirika mpaka maji yakamwagika.

Wiki hiyo hiyo nilitumwa mafuta ya taa dukani kwa Mzee Ramadhani, ambaye na yeye alihamia kutoka Mpanda mjini. Nikamwuliza kama Afande alikuwa mwanajeshi kweli. Alicheka huku ameshika mrija. "Yule? Vita inaanza tuko naye stesheni ya Mpanda, anapakia magunia ya tumbaku. Vijana wanapanda treni kwenda vitani, yeye anawapungia. Vita inaisha, anapakia magunia." Mbona hawamsemi, nikamwuliza. "Tumseme atufanye nini? Anachangamsha watu." Ndivyo alivyoponea maisha yake yote: kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilipenda kuchangamshwa.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikamwaga yote kwa pumzi moja: Wamasai, magunia, treni, mtoto wa bukta nyuma ya medali. "Mayu," nilimwambia, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "ni mwongo. Hajawahi kumwona mjomba. Unamlisha bure."

Ungo haukusimama. Pumba ziliruka, mchele ukarudi. Mwishoni akasema, "Nyie mnasoma sana siku hizi," akanituma nikamfungie ndama. Niliondoka nikiamini kabisa kwamba mama yangu ni mjinga, na hilo liliniuma kuliko uongo wote wa yule mzee.

Mvua za mwaka uliofuata Afande akapata homa ya mapafu ndani ya koti lake lililolowa, akafa kabla ya mavuno. Alizikwa kishujaa. Mgambo walipanga mistari miwili isiyolingana wakapuliza filimbi. Kiongozi mmoja aliyekuja na pikipiki kutoka Majimoto alisoma hotuba, akasema taifa limempoteza mmoja wa mashahidi wa historia ya jeshi letu, na hakuna aliyecheka. Juu ya jeneza walitandaza lile koti. Nilisimama pembeni nikiwa nimefurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi, nikawa nahesabu kichwani kuku watakaobaki hai.

Ndipo nikasikia kilio. Wanawake walikuwa wanalia kilio cha kawaida cha msiba, cha adabu. Hiki kilitoka chini. Alikuwa mama. Alikuwa amekaa chini kwenye tope, kanga imemwanguka begani, anapiga ardhi kwa viganja vyote viwili. Watu walianza kuangaliana. Wengine walimwangalia baba, kwa ile namna wanavyomwangalia mume ambaye mkewe anamlilia mwanaume wa watu. Baba, ambaye miaka yote alikimbilia zizini, alikwenda akapiga magoti kwenye tope, akamshika mabega. Alikuwa na kanzu yake nzuri. Hakuonekana kujali.

Nilimshika mama mkono njia nzima ya kurudi, lakini nilikuwa na hasira kuliko huruma. "Mayu," nilimwambia tulipofika kwenye mifereji ya majaruba, "umejiaibisha kwa mwongo yule."

Alisimama. Uso ulikuwa umevimba, lakini sauti ilikuwa yake ya kila siku.

"Nani kakwambia sijui kama ni mwongo? Alisema kaka yangu mrefu. Shija alikuwa mfupi kuliko mimi." Akavuta kamasi. "Lakini alikuwa amebakiza Kampala tu."

Sikuelewa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa najua maana ya maasi, nikadhani nimemaliza. Nilielewa nikiwa mtu mzima, siku nilipofiwa na wangu, nikajikuta namsikiliza mtu anayesimulia uongo mtupu juu yake, na nikamwongezea chai ili asinyamaze. Mwaka wa kwanza mjomba alikufa vita vinaanza. Kwa kila jogoo mama alimpatia kaka yake wiki nyingine ya kuishi. Alimvusha mto, akamponya bega, akampeleka mbele polepole kuelekea siku ambayo vita vinakwisha na watu wanarudi makwao. Alipigana vita vile peke yake, akiwa jikoni, na silaha aliyokuwa nayo ilikuwa mdomo wa mpumbavu mmoja.

Msinitake nimsamehe kwa sababu hiyo. Ndiyo kwanza namdharau zaidi. Mwongo aliyekunywa chai ya nduli, aliyewatupa Wamasai baharini, alishindwa nini kumfikisha kijana mmoja mfupi Kampala? Alijua akifika, safari imekwisha, na kuku wamekwisha. Basi akawa anampimia mama kaka yake kidogo kidogo. Ingetosha aseme maneno mawili tu, Shija alifika. Alikula kwetu miaka yote hiyo, na akafa hajayasema.