Gari Lililolala

Watu wa Majengo walimjua Nestori kama mpakua mizigo wa stesheni ya Mpanda, mtu wa mgongo mpana na maneno machache, mwenye tabia ya kusimama ghafla katikati ya kazi akikodolea macho kitu ambacho wenzake hawakioni. Gunia la mchele begani, mguu mmoja mbele, huyo amegota. Wenzake walishamzoea. "Amekwenda tena," walisema, wakampita pembeni.

Kilichompeleka huko alikokuwa akienda ni gari. Asubuhi moja ya Septemba mwaka 1989, moshi wa mapori yanayochomwa ukiwa umetanda mji mzima, treni kutoka Tabora iliingia ikiburuta behewa la wazi mwishoni. Juu yake palikuwa na gari dogo jeupe la mfanyabiashara aliyeitwa Bartolomeo. Lilikuwa limefungwa kwa minyororo minne, ikakazwa mpaka tumbo la gari likakaribia kugusa mbao. Moshi uliyaficha magurudumu. Likapita mbele ya Nestori taratibu, limelala vile, kana kwamba halikugusa kitu chochote hapa duniani.

Binti yake Providence, wakati huo wa miaka kumi, alikuwa amemletea uji. Alisimama na chupa yake kifuani, mdomo wazi.

"Baba," alisema, "limelala!"

Aliyetumwa kufungua minyororo alikuwa Nestori mwenyewe. Ulipolegea wa mwisho, gari liliinuka juu ya springi zake, likatikisika mara mbili tatu, likawa gari tu kama magari mengine. Moyo ulimuuma. Alijiona kama mtu aliyemwamsha mwenzake kwenye ndoto njema. Ili kujiliwaza, akamwambia mtoto, "Siku ya ndoa yako nitakupeleka kanisani kwa gari lililolala." Mtoto akacheka, akadai chupa yake, akarudi nyumbani. Lakini Nestori hakuwa anatania, na hilo ndilo tatizo la watu wasiosema sana.

Miaka kumi ilipita. Bartolomeo alilitumia gari lile mpaka sakafu ikaota kutu, halafu siku anahamia Sumbawanga akampa Nestori funguo, shukrani ya mizigo yote aliyombebea. Na mwaka huohuo wa 1999 Providence akachumbiwa na kijana wa Litapunga. Wakwe walituma ujumbe wa heshima kwamba wao wana lori, wangeweza kuja kumchukua bibi harusi. Nestori alijibu kwa ufupi kuwa mwanawe ataondoka nyumbani kwa gari la baba yake.

Jumapili, siku sita kabla ya harusi, alilipandisha gari juu ya jeki uani kwake, akaweka magogo chini kwa usalama, akaanza kufungua matairi, ya mbele kwanza. Mke wake, Vestina, alikuwa anachambua maharage kizingitini.

"Baba Provi, limeharibika?"

"Hapana."

"Sasa unalifungulia nini?"

"Liko juu mno."

Vestina alitazama gari, akatazama mumewe, akarudi kwenye maharage. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa imemfundisha maswali ya kuuliza na ya kuacha.

Nestori alizichomoa springi moja moja akiwa amezibana kwa waya wa kufungia marobota ya tumbaku, kazi ambayo ingeweza kumng'oa meno yote kama waya ungekatika. Haukukatika. Akachukua msumeno wa chuma, akakata mizunguko miwili kwenye kila springi. Msumeno uliimba mchana kutwa. Kuku walikuja kuchungulia, wakaenda zao. Jua lilipoanza kuwa jekundu nyuma ya moshi alikuwa ameshafunga zote nne, akateremsha jeki, na gari likashuka, likashuka, likatulia juu ya vumbi kama alivyoliona siku ile. Alikaa chini akaliangalia. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

Furaha ile ilidumu siku nne. Alhamisi alilitoa kwenda kulijaribu, na pale barabara ya Litapunga inapokatiza reli, gari lilipanda tuta likashuka upande wa pili kwa kishindo: kong! Usukani ukamvuta kushoto. Aliposhuka aliona springi imeruka kwenye kikalio chake, na shokapu, lile bomba lenye mafuta linalotuliza mruko wa gari, limepinda na linavuja. Upande wa pili nao ulikuwa unavuja.

Fundi Hezron alikuja na baiskeli yake, akalala chini ya gari kwa muda, akatoka akijipangusa.

"Nani amekata springi hizi?"

"Mimi."

"Mzee wangu! Shokapu inahitaji nafasi ya kwenda na kurudi. Wewe umeimaliza nafasi yote. Inapiga chini kila shimo, sasa imejiua."

"Gari hilihili kwenye behewa lilikuwa limelala hivihivi," Nestori alisema kwa sauti ndogo. "Wala halikuharibika."

"Lilikuwa limebanwa, mzee, tena limesimama juu ya behewa. Wala hakuna mtu aliyelikata." Hezron alimwonea huruma; alikuwa amesikia habari za behewa lile kama kila mtu wa Majengo. "Nina shokapu mbili za gari lililokufa, zitaingia. Lakini springi haziwezi kurudi urefu wake. Nitakata raba ya tairi la lori nizipachike katikati ya mizunguko. Litasimama juu kuliko zamani, litakuwa gumu, ila litafika."

Nestori aliliona kichwani lori la wakwe limesimama mlangoni kwake, mwanawe anapandishwa nyuma na gauni jeupe. Alisikia aibu kali.

"Pachika," alisema.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa uani, limeoshwa, limepambwa kwa maua ya karatasi, limesimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Vijana walicheka. Nestori hakuthubutu kumtazama binti yake.

"Provi, mwanangu. Nilikuahidi jambo, sikuliweza."

Providence alifungua mdomo kujibu, lakini shangazi zake hawakumpa nafasi. Kwao, bibi harusi haendi kwa mume peke yake. Shangazi waliomlea ndio wanaomkabidhi, na hakuna dereva wa kuwakatalia. Immaculata, dada mkubwa wa Nestori, mama wa mwili wa kutosha, alikaa mbele. Libérate na Vénérande wakambana bibi harusi katikati kule nyuma, na Hana akajipenyeza mlangoni akisema yeye ni mwembamba, jambo ambalo halikuwa kweli. Kwenye buti waliingiza vikapu vya maharage na mtama, mikeka, na vyungu viwili vya pombe ya ndizi.

"Dada, tutavunja gari!" Nestori alilalamika.

"Nyie wanaume mnaogopa kila kitu," Immaculata alisema. "Endesha."

Akaendesha. Waliacha nyumba za Majengo wakiimba, moshi wa Septemba ukiwa umeshuka mpaka barabarani, na miti ya pande zote ikitokea na kupotea. Walipofika relini Nestori alisimamisha gari. Alitia gia ya kwanza, akapanda tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alisubiri kile kishindo. Gari lilishuka upande wa pili kimyakimya, likainama, likatulia, na uzito wa wanawake watano ukalishusha chini mpaka vumbi na moshi vikayafunika magurudumu.

Nyimbo zilikatika. Nestori alihisi mkono umewekwa begani kwake kutoka nyuma.

"Baba," Providence alisema, "limelala."

Nestori aliendesha taratibu hadi kanisani Litapunga, akikwepa hata majani makavu barabarani, asije akaliamsha.