Nilimfukuza Bibi Harusi Kumbe Malipo Yake Nili-block Mwenyewe

Wakuu, niaje. Mwenye chai anywe polepole. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sijaitia chumvi.

Nasuka nywele Makina, Kibera. Wateja hu-book online, wanalipa deposit kwa simu, kisha napata message: jina na namba ya mteja, saa, mtindo. Nikijibu "karibu", mteja anajua nafasi ni yake.

Halafu message zikaacha kuja.

Nitasema ukweli, nilipenda ule ukimya. Mvua kwa mabati, mimi kwa kiti cha mteja, najitazama kwa kioo nikiota salon kubwa yenye maji moto. Nilidhani biashara imelala tu. Akili yangu hutangatanga hivyo, hata mama alishachoka kunisema.

Jumamosi saa moja asubuhi akaingia msichana kutoka Kawangware, viatu matope matupu. Anaolewa siku hiyo hiyo, saa sita.

"Siz, nili-book. Deposit nishalipa, cheki," akanionyesha simu.

Sasa, huku mtaani tumeliwa sana na message feki za malipo. Mtu anakuonyesha SMS, unamhudumia, kumbe hewa. Nikajua ndio hao.

"Madam, hiyo ni fake. Tafuta mjinga mwingine."

Hakubishana. Alitoka tu kwa mvua. Nikarudi kwa kioo changu lakini ndoto ilikataa.

Nikampigia Wafula, fundi aliyenitengenezea website. Akalipa deposit ya majaribio. Kwake system ilionyesha malipo yameingia na notification imetumwa. Kwangu, kimya. Nikazima simu, nikawasha. Nikatoa line, nikaipangusa, nikarudisha. Wapi!

"Umecheki blocked?" akauliza.

Message zote zilikuwa huko, wakuu. System ilikuwa imebadilisha namba ya kutuma message. Mimi kuona namba ngeni ikisema "malipo yamepokelewa", nili-block bila hata kusoma jina la mteja. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

Nikampigia yule bibi harusi, nikabeba kitana na rasta, nikamfuata kwao Kawangware. Nilimsuka mistari shangazi zake wakiimba jikoni. Msamaha niliuomba nikiwa nyuma ya kichwa chake, maana usoni sikuweza kumwangalia.

"Suka tu, siz. Time inaenda," akasema.

Nilimaliza gari likipiga honi nje. Alipendeza, jamani.

Nilichojifunza: kabla umwite mtu mwizi, angalia settings zako. Na system ikibadilishwa, jilipe mwenyewe kwanza uone kama message inafika.

Jioni niliwapigia wengine waliokuwa kwa blocked. Wengi walisubiri ile "karibu" yangu, wakaenda kwingine. Mmoja, wa Lindi hapa hapa Kibera, alitaka kusukwa aende kumzika mamake.

Aliniambia hakuna shida, alifunga tu kitambaa kichwani.

Nyinyi mngemwambia aje?