Mzee Mita na Samaki Sita

Miaka thelathini na moja ya kusoma mita za maji ilimfundisha jambo moja: mtu akikukaribisha kwa tabasamu pana kupita kiasi, mita yake ina lake jambo. Naye alikuwa na mbinu yake. Alisoma mita, akaaga vizuri, kisha baada ya saa nzima akarudi kwa mlango wa nyuma kana kwamba amesahau kalamu. Kwa mbinu hiyo alifichua mabomba ya wizi yasiyo na idadi, na mtaa mzima ukamwita Mzee Mita. Alipostaafu, begi na sare alivirudisha idarani. Macho yale alirudi nayo nyumbani.

Nyumba yenyewe ilikuwa na watu watatu tu: yeye mjane, mwanawe dereva wa lori aliyeonekana Jumamosi na Jumapili, na mkwewe, mke wa huyo dereva. Mkwe alikuwa akifanya kazi kwenye bustani ya miche. Bustani ilipofungwa, akaanza kuotesha miche yake mwenyewe kwenye makopo nyuma ya jiko, akitumaini siku moja kuwa na bustani yake.

Samaki wale Mzee Mita aliwaona kwa mara ya kwanza hospitalini, alipokwenda kupimwa presha. Walikuwa kwenye tangi la kioo pale wanaposubiri wagonjwa, bapa na mviringo kama sahani, wekundu na wenye michirizi ya buluu, wakipita taratibu kati ya majani mapana. Walipomwita jina hakusikia. Muuguzi alikuja kumshika bega.

"Wanaitwa diskasi," muuza samaki wa mapambo alimwambia dukani kesho yake. "Lakini hawa si wa kuanzia, mzee wangu. Ni samaki wa kudeka."

"Nataka niwaone wakila."

"Wamekula asubuhi."

"Basi wale tena."

Alikwenda dukani hapo mara nne, kila mara kwa saa tofauti, akikaa kwenye stuli na kukodoa macho. Alishuku rangi za samaki zimetiwa dawa. Alishuku wale waliojibanza pembeni. Mwenye duka akacheka.

"Mzee, unanunua au unapeleleza?"

"Vyote viwili."

"Wateja wote wangekuwa kama wewe ningefunga duka. Ila samaki wako wataishi."

Na kwa kweli, kwa samaki wa aina ile, shaka yake ilikuwa mali. Aliambiwa asitie samaki kwanza, aache tangi likae wiki tano na maji na mimea tu, vijidudu vizuri vipate kuota kwenye chujio. Akaacha. Akaambiwa achague mimea inayostahimili joto, maana diskasi wanataka nyuzi ishirini na tisa, na mimea mingi huoza kwenye maji hayo. Akachagua ya majani mapana na mengine ya kufungwa kwenye gogo. Akaambiwa anunue sita kwa pamoja, kwa sababu wakiwa wawili watatu mmoja huwa mbabe na kuwanyima wenzake chakula. Na maji ya bomba yasiingie tangini kabla hayajalala siku nzima kwenye pipa, yakipigwa mapovu na pampu, ili dawa ya kusafishia maji iishe na yapashwe moto.

"Dawa hiyo naijua kuliko wewe," Mzee Mita alimjibu. "Nimetembea na harufu yake nguoni ujana wangu wote."

Kwa wiki tano hizo, fundi viatu aliyekuwa akicheza naye drafti kila alasiri hakumwacha apumue. "Mwenzetu anafuga maji," alikuwa akiwatangazia wapita njia. "Vipi, mzee, hayajazaa tu?"

Mkwe yeye hakutania. Siku kochi refu lilipotolewa sebuleni kupisha tangi, aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Baba, wageni wataketi wapi?" Swali lile Mzee Mita alilihifadhi.

Samaki wakaja. Siku mbili walijificha nyuma ya gogo, siku ya tatu wakala, na baada ya wiki rangi zao zikawaka hata ukiingia sebuleni unaanza kwa kuwaona wao. Mzee Mita akachora kwa kalamu mstari mwembamba kwenye kioo, usawa wa maji, akasema nyumba nzima isikie: "Maji haya hayaguswi na mtu ila mimi." Nyumba nzima ilikuwa mkwe peke yake.

Wiki ya tatu akarudi kutoka kwenye drafti saa kumi na moja, akawakuta samaki wamekuwa weusi, mapezi yamebana, wamesongamana pembeni. Kipimajoto kilisema ishirini na sita. Mchana alikiacha kwenye ishirini na tisa. Akashika hita: inafanya kazi. Akatazama mstari wake, maji yalikuwa kwenye mstari barabara, na hapo machale yakamcheza. Kwenye joto lile maji yalipaswa kupungua upana wa kidole kila baada ya siku mbili. Siku nne sasa, tangu alipoyabadilisha mara ya mwisho, hayakuwa yamepungua hata unywele. Kazini, mita iliyoganda kwenye nyumba yenye watu ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi.

Alianza na muuza samaki, akamjia juu. Yule akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mchana nyumbani anabaki nani?"

Tangu hapo Mzee Mita hakula kwa raha. Mkwe akimwekea chakula, alikitazama kwanza. Akimwamkia, "Shikamoo baba," aliipima sauti. Kila akimkuta karibu na tangi, mkwe alikuwa anafuta vumbi, na vumbi lenyewe halikuwapo. Ijumaa samaki mmoja akakutwa anaelea. Jumamosi mwanawe alipofika, hata viatu hakuwahi kuvua.

"Mtafute pa kukaa, wewe na mkeo."

"Kwa sababu ya samaki, baba?"

"Kwa sababu ya mtu anayenichimba nyumbani kwangu, na mkono huohuo unanipakulia wali."

Dereva alimtazama sana. "Sawa. Ukimshika, tutaondoka siku hiyohiyo, na mimi sitakuuliza tena. Usipomshika, utamwomba radhi mbele yangu."

Wakakubaliana hivyo, bila mwanamke mwenyewe kuulizwa neno. Ndivyo tunavyoendesha nyumba zetu nyingi: wanaume wawili wanasimama mlangoni na kumhukumu aliyeko jikoni akiwachemshia chai.

Jumanne alasiri Mzee Mita alivaa kofia, akaaga kwamba anakwenda kwenye drafti. Akazunguka mtaa, akavua viatu, akavishika mkononi, akaingia kwa mlango wa nyuma.

Mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, mpira wa maji mdomoni mwa ndoo, maji ya samaki yakishuka. Ndoo ya pili ilikuwa imejaa tayari. Ya tatu, yenye maji ya bomba, ilisubiri pembeni.

"Endelea," Mzee Mita alisema. "Usiache kwa ajili yangu."

Mkwe hakuruka wala kulia. Alibana mpira, akainuka na kukausha mikono kwenye kanga.

"Ni ya miche, baba. Maji ya samaki ni mbolea. Nilikuwa nakuona unayamwaga mtaroni mara mbili kwa wiki, roho inaniuma."

"Ungeniomba."

"Ulisema hayaguswi. Nani anakuomba kitu wewe?" Akavuta pumzi. "Nilianza na jagi moja. Maji yakashuka chini ya mstari wako, nikaogopa, nikajazia ya bomba. Miche ikastawi, ikawa ndoo. Sikujua kama yatawadhuru. Yule aliyekufa nimemlilia jikoni."

Mzee Mita alitumbukiza kidole kwenye ndoo ya tatu, akakinusa. Ilikuwa ileile harufu ya ujana wake. Ilimjia akilini kwamba bila ule mstari mwanamke huyu angechota jagi lake, maji yangepungua, naye Mzee Mita mwenyewe angejazia yale ya pipani. Alikuwa amemshika. Hakuwahi kumshika mtu na kujisikia vile.

"Mumeo atasema mhame," alisema. "Tulipatana hivyo."

"Alinipigia simu jana, kila kitu akaniambia."

"Ulijua natega, na bado umechota?"

"Nimechoka kuogopa. Nikasema leo anione, yaishe." Mkwe aliokota mpira. "Baba, nikiambiwa nikae nitakaa, hapa ni kwangu. Lakini siwezi kukaa nyumba ninayosomwa kama mita. Kama unataka nibaki, maji ya leo nabadilisha mimi, kwa maji ya pipani. Na wewe usiwepo."

"Hujui kipimo."

"Nimekutazama wiki nane. Robo ya tangi, polepole, hita ikiwa imezimwa."

Kipimo kilikuwa sahihi. Mzee Mita alitafuta kosa katika maneno yale, hakuliona, na akajikuta anaendelea kutafuta. Akachukua simu, akamwandikia mwanawe maneno mawili: "Hakuna anayehama." Kisha akatoka, akaketi kwenye ngazi za mbele, mgongo kwenye dirisha.

Nyuma yake alisikia kifuniko cha pipa kikifunguliwa. Akasikia ndoo ya kwanza ikimiminwa. Ya pili. Kwenye ya tatu alihisi imemiminwa haraka mno, shingo ikaanza kugeuka yenyewe. Alipofika ya nne akagundua anahesabu.

Akainuka, akavaa viatu vyake, akaenda dukani mtaa wa tatu kununua sukari, ambayo nyumbani ilikuwapo kopo zima.