Muulizeni Mwenyewe

Mwanangu, asubuhi ile ya baridi bado ninayo kichwani. Nimepiga magoti wodini kando ya kitanda cha bibi yako, mama mkwe wangu, namlisha uji huku macho yangu yakiwa chini. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya kauli na mkono wa kulia. Mimi nilikuwa mkamwana mpya nyumbani kwake, mtaa wa Mfaranyaki, na nililelewa kwamba mkwe hatazamwi usoni. Tena nilikuwa mtu wa wasiwasi, na bado niko hivyo. Kitu nikikishika sharti kinyooke. Nilikuwa nimejifunza kwenye simu namna ya kumsaidia mgonjwa asiyeweza kusema, nikachora herufi kwenye kadibodi kwa rula, nikaichana kwa sababu mstari mmoja ulipinda, nikachora nyingine. Ilipendeza sana. Bibi yako hakuitazama hata mara moja.

Kwenye kitanda cha jirani alilala bibi mmoja wa Ruhuwiko. Mguu wake ulikuwa umefungwa plasta, lakini mdomo haukufungwa na chochote. Alinitazama weee, mwisho uvumilivu ukamwisha.

"Wewe mkamwana, unamlisha nani? Sakafu?"

"Namlisha mama, bibi."

"Mama yako yuko huku juu! Siku zote hizi anakupandishia macho, anakuita. Mtazame usoni, hakung'ati."

Nikainua uso. Bibi yako alikuwa ananikodolea.

"Mama, uji ni wa moto?"

Akapandisha macho darini.

"Niuondoe kabisa?"

Akayafumba.

"Niupoze?"

Macho yakapanda tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama wa watu alikuwa anazungumza siku zote hizo, na heshima yangu ndiyo iliyokuwa imemziba mdomo. Nikamwita muuguzi, naye akamuuliza maswali yake, akaridhika. Akaniambia niandike karatasi niibandike ukutani: macho juu, ndiyo; kufumba, hapana. Niliiandika haraka, mistari imepinda, na sikuichana.

Jumapili wageni wakajaa. Mzee Kanisius, kaka yake bibi yako, alitoka kijijini Lusewa, na wanajumuiya wakaja na chupa zao za uji. Wote walinisalimia mimi. Hata vijana hawakumpa mama shikamoo, eti hawezi kuitika marahaba. Mzee akatangaza, "Dada yangu huyu hayupo tena. Kesho namchukua, akapumzike nyumbani kwetu Lusewa."

Nilijua kupumzika huko ni kupumzika gani. Daktari alikuwa amesema mazoezi ya viungo yaanze mara moja, hapa mjini. Baba yako alitazama viatu vyake; huyo ni mjomba wake, angesema nini?

Nikasema mimi. "Mjomba, muulizeni mwenyewe."

"Nani, huyu? Haya. Dada, unakwenda au unabaki?"

Bibi yako akatulia tuli.

"Mnaona?"

"Umemuuliza mawili kwa pamoja, mjomba. Uliza moja, halafu ngoja."

"Tangu lini mkamwana anafundisha wakubwa kuuliza?"

"Tangu leo, mjomba. Shikamoo."

Bibi wa Ruhuwiko akakohoa kuficha kicheko. Nilisimama pale mama anapoweza kuniona. "Mama, unataka kwenda Lusewa?" Akafumba. "Unataka kubaki utibiwe?" Akapandisha.

"Bahati tu hiyo," mzee akasema.

"Basi muulize jambo ambalo mimi silijui."

Mzee akafikiri, akainama. "Dada. Kile chungu cha komoni cha mama yetu, kilichovunjika tukiwa watoto, pombe ikamwagika yote. Nilikivunja mimi?"

Akafumba.

Mzee akainama zaidi. "Ulikivunja wewe?"

Macho yakapanda juu, yakakaa huko huko, na upande mmoja wa mdomo wake ukacheka.

"Na nilichapwa mimi!" Wodi nzima ilisikia. "Nilichapwa mimi, dada, na ukanyamaza mpaka uzee huu!" Alikuwa anacheka huku anafuta machozi.

"Si amesema leo?" akauliza bibi wa Ruhuwiko. "Bado unamchukua?"

Mzee akavuta kiti, akakaa mbele ya macho ya dada yake. "Huyu? Anabaki. Akipona tuna kesi."

Mwanangu, wapo hadi leo wanaosema siku ile nilikosa adabu. Waseme. Sina mvi hata moja, lakini nasaha hii siwezi kuingojea uzee. Ukimkuta mgonjwa asiyesema, msalimie kwanza, shikamoo yake ni haki yake hata kama haitaitikiwa. Kaa anapokuona, umtazame. Muulize jambo moja la ndiyo au hapana, kisha unyamaze umngoje, hata kama ukimya unakuumiza. Usimjibie. Na wakubwa wakianza kumwamulia juu ya kichwa chake, sauti yako itatetemeka. Itumie hivyo hivyo ilivyo.

Mungu akulindie ulimi wako, mwanangu. Na ukija kunyamaza siku moja, akuletee mtu mkaidi, akae mbele ya macho yako, aulize, na angoje.